Vistari vya Pumu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala sitaki mtu anisaidie kuubeba ujinga wenyewe. Dunia imenizaba makofi mengi hata nikaamini hakuna wa kunidanganya tena. Kumbe anayejidanganya hahitaji msaidizi.

Mke wangu Wardah ana pumu. Zahanati ya hapa Koyama ilikuwa ikijaribu vidonge vya kuizuia: watu ishirini walipewa chupa zenye kifuniko chekundu, ishirini wengine kijani. Rangi moja ni dawa mpya, nyingine ni ya zamani. Mtu akibanwa na kifua, muuguzi Khamisa humchorea kistari daftarini. Wardah aliangukia nyekundu.

Mimi ni fundi wa mashine za boti Kismayu. Nyumbani huja kwa kuiba siku. Safari hii nilipita zahanati, nikamkuta Khamisa anamfunga mtu kidonda, daftari liko wazi. Nikahesabu. Nyekundu, vistari thelathini na kimoja. Kijani, kumi na viwili.

Ahaa! Wenzetu wanakula dawa, mke wangu anatafunishwa chaki!

Nikaenda nyumbani, nikaitia mfukoni chupa ya Wardah, nikashika njia ya kwa jirani yetu Zainab, mwenye kijani. Bibi wa watu macho yake mabovu. Nikibadilisha vifuniko hatajua. Aibu hiyo nayo niandikieni.

Mlangoni kwa Zainab nikawakuta Wardah na Khamisa wananisubiri; kumbe mmoja aliniona nikiichukua chupa, mwingine nikihesabu, na njia ya mkato wanaijua.

"Shemeji, mfuko umevimba," Khamisa akasema.

"Nimehesabu mwenyewe. Nani alipanga mke wangu apewe nyekundu?"

"Kura. Na ipi ni ipi hata mimi sijui, tumefichwa makusudi."

"Muuza samaki asiyejua kama kabeba kolekole au papa!"

"Vistari umehesabu. Na siku je? Wanane wa kijani walihamia Kismayu mwezi wa kwanza tu wa jaribio. Tangu hapo nani awachoree? Na katika vile vya nyekundu, kumi na vinne ni vya Jamali peke yake, mchoma chokaa, anayeshinda ndani ya moshi. Hesabu yetu inatazama kila mtu tumekuwa naye miezi mingapi, na inaangalia mmoja asiwaharibie wenzake."

"Maneno ya kufunika mambo hayo. Kumi na mbili ni chache kuliko thelathini na moja, hata kuku anajua."

"Haya. Mwaka huu umegombana na Wardah mara ngapi?"

"Nne tu!" Nikavimba kifua. "Jirani Fahmi na mkewe mara kumi, mtaa mzima umesikia. Sasa niambie, mume bora nani?"

Wardah akatia mkono mfukoni mwangu, akaichukua chupa yake.

"Fahmi hulala kwake kila siku. Mchu huyu, mume wangu, mwaka mzima kalala kwangu siku tisa."