Zamu ya Akot

Jumamosi saa nne asubuhi, katika uwanja wa nyasi nyuma ya maghala ya Nakawa, refa Ocira alipangusa kibao cheupe cha mpigaji kwa brashi yake ndogo, akapokea kadi zenye majina ya wapigaji kwa zamu kutoka kwa makocha wawili wa softboli, akazisoma. Kwenye kadi ya timu ya Walinzi, mstari wa nne, palikuwa pameandikwa Akot. Akot alikuwa amefariki mwezi wa tano, na Ocira mwenyewe alitupa udongo kaburini kule Kitgum. Lakini kadi ikishafika mkononi mwa refa imekuwa sheria, na refa hasahihishi kazi za watu. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Kosa lilikuwa la Oola, kocha wa Walinzi. Msimu ulikuwa ndio kwanza unaanza, naye alinakili kadi ya msimu uliopita huku akinywa chai, kama alivyofanya kila mwaka.

Akot aliwasili raundi ya kwanza haijaisha. Alikuja na basi la Kitgum, amevaa sare yake, soli zake zina udongo mwekundu, na amenenepa kidogo. Wenzake wakamsogezea nafasi kwenye benchi. Oola akampa chupa ya maji.

“Pumzika kwanza, afande,” akamwambia. “Umetoka mbali.”

Kwa hiyo zamu ya nne ilipofika, Oola hakutaka kumsumbua mgeni. Akamtuma mpigaji wa tano, Ayaa, ambaye ni mdogo wake Akot.

Ocira aliona. Timu ikiruka zamu, refa hasemi neno. Anangoja wapinzani waulize, nao lazima waulize kabla mpira unaofuata haujarushwa. Ukisharushwa, kosa limekuwa halali na maisha yanaendelea. Ocira aliipenda sheria hii kuliko zote. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa karani wa makazi katika kampuni ya ulinzi ya Ngao Tatu, waajiri wa timu nzima ya Walinzi, na huko pia aliona mengi bila kuulizwa.

Alhamisi, kwa mfano, chumba namba tisa cha kampuni kilikuwa wazi. Jina la kwanza kwenye orodha ya wanaongoja vyumba lilikuwa la Akot, aliyengoja miaka sita na ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta. Kwa jina hilo Ayaa angeweza kuhamia pale na watoto wawili walioachwa na Akot, dada yake. Kwa sasa walikuwa wamepanga Kabalagala nyuma ya baa, ambako spika ilitikisa ukuta na watoto walikwenda kulala darasani. Chumba akapewa Bonny, dereva wa meneja. Kanuni ya kampuni ilisema malalamiko yaletwe kabla aliyepewa hajaingiza godoro, na Bonny alikuwa amepanga kuliingiza Jumatatu mchana. Ocira alijua yote haya, akanyamaza. Ilimuuma, lakini si sana.

Mara ya pili zamu ya Akot ikarukwa, na hakuna aliyeuliza. Mara ya tatu ilikuwa raundi ya sita. Walinzi walikuwa nyuma kwa alama moja, wawili wao wameshatolewa, wawili wako vituoni. Ayaa akaupiga mpira hadi kwenye ukuta wa ghala. Wawili waliokuwa vituoni wakakimbia hadi kibaoni, alama mbili, benchi likapiga vigelegele, na Akot akacheza mguu mmoja juu.

Mrushaji alikuwa ameshainua mkono kwa mpigaji wa sita pale Blandine, kocha wa wapinzani, timu ya wafanyabiashara Wakongomani, alipoingia uwanjani taratibu.

“Refa, njo nani alipashwa kupiga?”

Ocira akakunjua kadi. “Akot.”

“Lakini Akot alikufa, refa,” Oola akasema. “Wewe mwenyewe ulikuja kwa mazishi.”

“Kadi haisemi mambo ya kufa.”

“Mimi niko hapa,” Akot akasema kutoka kwenye benchi.

Hukumu ikawa ile ya siku zote. Alama mbili zikafutwa. Ayaa, aliyepiga bila zamu, akarudishwa awe wa kwanza raundi ijayo. Aliyetolewa, wa tatu na wa mwisho katika raundi, alikuwa Akot, mwenye zamu iliyorukwa, kwa sababu zamu ilikuwa yake na hakuitokea. Walinzi wakashindwa kwa alama moja. Hakuna aliyenuna, Blandine alikuwa ameleta soda na maandazi ya kutosha timu mbili.

Akot akamfuata Ocira alipokuwa akifungua kinga za magoti.

“Afande Ocira, wewe ukiona zamu imerukwa, unasema?”

“Refa hasemi. Anangoja aulizwe.”

“Basi mimi nakuuliza. Chumba namba tisa ni ya nani?”

Miaka kumi na moja katika kazi ile, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Akafurahi kama mtu aliyekumbushwa jina lake.

“Ni yako,” akasema. “Jumatatu saa tatu nitasema hivyo mbele ya bosi.”

Na akasema. Jumatatu saa tatu kamili alisimama mbele ya meneja, Bwana Wahabi, pamoja na Ayaa aliyepiga pasi sare yake na watoto wawili waliooga. Godoro la Bonny lilikuwa bado juu ya pikapu. Bwana Wahabi alisikiliza vizuri, akaisoma orodha kwa kidole, akakubali kwamba zamu ilikuwa ya Akot na kwamba imerukwa. Akawapongeza kwa kuwahi.

“Lakini Alhamisi zamu yake ilipofika, hakutokea,” akasema. “Mwenye zamu asiyetokea anatoka. Bonny abaki. Huyu dada aandikwe mwisho, namba thelathini na moja.”

Ayaa akashukuru, kwa kuwa angalau sasa alikuwa na namba yake mwenyewe. Ocira akafungua daftari, akatafuta jina la kwanza ili alikate. Akot, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akainama juu ya meza na kumshikia rula, mstari usiende kombo.