Kipara Aenda Kukagua Nyumba Yake

Alikuwa kinyozi asiye na unywele hata mmoja kichwani. Wateja walimwita Kipara, naye akawajibu kwamba nywele zake amewagawia wao. Miguu ilipochoka kusimama, aliuza kibanda cha kunyolea, viti na vioo vyake, akanunua nyumba ya kupangisha katika mji wa mbali ambao hajapata kuukanyaga. Nyumba za kwao bei zake zilikuwa za wenye nacho. Huko mbali alikuwako shemeji yake, kaka wa mkewe. Ndiye aliyetafuta, akapiga picha, akasimamia mpaka hati ikatoka.

Picha zilipendeza. Barazani kwa wastaafu wenzake, nyumba ile iliota chumba kipya kila wiki, na kufikia miezi ya mvua ilikuwa tayari na roshani.

Lakini usingizi ulikataa. Picha haina mgongo. Nani ajuaye nyuma kukoje? Kama nyumba ni gofu, basi uzee wake na wa mkewe umetumbukia shimoni. Akaamua kwenda kujionea, bila kumwambia shemeji wala mpangaji, kwa sababu mwenye nyumba huonyeshwa sebule tu. Aliazima ovaroli na mfuko wa nyundo, akasafiri, akabisha.

"Hodi! Fundi wa paa. Nimetumwa na mwenye nyumba."

Mlango ulifunguliwa na mpangaji mwenyewe, mama fundi cherehani, pini mdomoni na futi ya kupimia shingoni. Alimkagua toka unyayo hadi utosi.

"Amekutuma? Yule? Basi leo jua limechomoza magharibi. Pita, fundi, pita."

Nyumba ilikuwapo, na kuta zimesimama wima. Kipara akashusha pumzi. Kisha akaona chumba cha kulala kitupu, dari imevimba kama andazi, na kitanda kimehamia sebuleni, ubavuni mwa cherehani. Vitambaa vya wateja vilikuwa chini ya nailoni.

"Gauni la bibi harusi wa watu liliota ukungu humu," mama alisema. "Nikamshonea jingine kwa kitambaa changu, huku nalia."

"Kwani mwenye nyumba hukumwambia?"

"Mzee yule? Yule ana roho ya korosho!"

Sasa, kinyozi ana ugonjwa mmoja wa kazi: anayenyolewa hapingwi. Akimsema mkewe, unaitikia. Akimsema jirani, unamwongezea chumvi, mradi kichwa kitulie. Ulimi wa Kipara ulijibu kabla mwenyewe hajaupa ruhusa.

"Hujakosea, mama. Mkono wa birika yule. Hata salamu anakukopesha."

Mama alicheka mpaka pini zikamtoka. "Ehe! Kumbe unamjua!"

"Namjua? Yule akiota ndoto nzuri anafunga mlango, wanawe wasije wakaiona."

Wakacheka wote wawili, Kipara akajisikia kama yuko kibandani kwake siku ya sikukuu.

"Hebu sikia nilivyojibiwa," mama akasema, akabonyeza ujumbe wa sauti kwenye simu yake.

"Bibi we, mvua inatoka mbinguni, haitoki kwangu! Weka beseni. Na kama nyumba haikufai, dunia ni pana."

Nyuma ya sauti ile kulisikika vicheko vya wanaume. Kipara aliikumbuka siku hiyo. Mmoja barazani alisema ukicheka na nyani utavuna mabua, na yeye, kwa kutaka wenzake wamgongee kiganja, akatupia simuni hayo ya mvua na mbingu. Walimgongea viganja kweli. Hakumfikiria hata kidogo mtu wa upande wa pili wa simu.

Akakohoa. Mama aliitazama simu, akamtazama yeye. Akairudisha sauti, akasikiliza tena maneno mawili matatu.

"Fundi, hebu sema 'dunia ni pana.'"

"Ni mimi, mama."

Alitegemea matusi. Alikwishainamisha kichwa ayapokee. Lakini mama alikivuta kiti, akakifuta kwa pindo la nguo yake mara mbili, na sauti yake, ile iliyokuwa ikipasua dari, ikawa nyembamba.

"Nisamehe, baba. Mdomo huu! Kwanza kuvuja kwenyewe si sana. Tumeshazoea."

"Sikuja kukutoa."

"Watoto wangu wanasoma hapa hapa, baba. Beseni linatosha."

Hapo aibu ikampanda kutoka magotini. Kuitwa roho ya korosho hakukumuuma. Hili la kuogopwa na mtu aliyekuwa akicheka naye sasa hivi, lilimkata.

"Mama, nitukane tu kama mwanzo."

"Mimi? Nikutukane wewe, baba yangu?"

Akatoka kama aliyefukuzwa, akaulizia mitaani, akarudi na fundi wa paa wa kweli. Fundi akapanda, nyundo ikalia. Chini, mama alikuwa amekitandika kile kiti kitambaa kisafi.

"Kaa, baba."

Hakukaa. Paa lilipozibwa na chumba kikafagiliwa, alikiendea kitanda. "Tukirudishe mahali pake. Shika upande huo."

"Acha, baba, utachafuka. Tutabeba wenyewe."

Akakiinua upande wake, akangoja. Mama alisimama mikono kifuani, akirudia, "Acha, baba, acha." Kipara akabaki ameinama, kitanda kimemlemea, kukisogeza peke yake hawezi, na uso wa kukiweka chini hana.