Maiti Aliyebaki Uwanjani

Ifahamike kwa wakubwa na wadogo, kwa walio karibu na walio ng'ambo, kwamba filamu kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa juu ya vita vya kale, iitwayo Mfalme Asiyerudi Nyuma, yenye majeshi mawili, farasi mmoja na damu isiyopimika, ilipigwa katika uwanja wa netiboli wa shule ya bweni ya wasichana. Farasi alikuwa ufagio. Damu ilikuwa rangi ya darasa la sanaa, na kwa kuwa nyekundu iliisha mapema, majeruhi waliochelewa kufa walivuja damu ya zambarau.

Mwongozaji alikuwa mwalimu wa historia, mtu mpole siku zote, ila akivaa kofia yake ya uongozaji aligeuka simba. Mfalme alikuwa dada mkuu, kwa sababu alikuwa mrefu, ana sauti ya kengele, na hakuna aliyethubutu kugombea naye. Ndevu za askari zilikuwa za pamba. Na katika jeshi lililoshindwa, mstari wa mbele, alikuwamo binti wa kidato cha pili aliyeitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Huyo Chiriku, asiyeweza kunyamaza hata akiwa usingizini, alipewa kazi ya maiti.

Hilo peke yake lisingekuwa neno. Tatizo ni kwamba kabla majina hayajabandikwa ukutani, alipewa simu ya matroni aongee na nyumbani, akapiga chuku.

"Mama, tunatengeneza filamu. Mimi ndiye shujaa."

"Wewe? Shujaa?"

"Mimi hasa. Naonekana mwanzo mpaka mwisho."

Mama akamwambia shangazi, shangazi akamwambia bibi, na bibi akamwambia kila mwenye masikio. Wiki iliyofuata habari zilirudi kwa simu ileile: siku ya wazazi ukoo mzima ungekuja kwa gari la kukodi, na bibi, ambaye hakuwa ametoka mtaani kwake tangu goti lianze kumsumbua, alikuwa ameshonesha nguo mpya.

Chiriku alirudisha simu, akaenda kukaa kwenye ngazi za bweni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Mwalimu," alisema kesho yake uwanjani, "huyu maiti hawezi kufufuka kidogo? Hata akasema neno moja?"

"Maiti ni maiti. Historia haina utani."

"Hata kuguna?"

"Wewe! Shika nafasi yako ufe."

Akafa. Akapiga chafya. Wakarudia. Akafa tena, na mfalme akaja kwa madaha kumkanyaga kifuani, ila soksi ya mfalme ikamtekenya shingo, maiti akaangua kicheko. Mwalimu akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Sikiliza, Chiriku. Ukitikisika tena kabla sijasema 'kata', nakutoa kwenye filamu. Kabisa. Hata kidole chako hakitaonekana."

Chiriku akapiga hesabu. Maiti hakuwa shujaa, lakini angalau alikuwa mtu. Angeweza kumwonyesha bibi, yule pale mwenye matope puani ndiye mimi. Akitolewa, basi bibi atakuwa amepanda gari na goti lake kuja kutazama uongo mtupu. Akajikaza kisabuni. Akafumba macho, akalala kama gogo.

Kamera ikawashwa juu ya miguu yake mitatu. Mfalme akapanda juu ya lundo la mchanga, akainua upanga wa mbao.

"Mimi ndiye mfalme asiyerudi nyuma! Mbele yangu..."

Hapo, kwa sababu ambazo wanahistoria bado wanazichunguza, nyuki waliokuwa wamejenga katika mti wa pembeni mwa uwanja wakatoka wote kwa mpigo, na hawakutoka kwa heri.

Mfalme alirudi nyuma. Alirudi nyuma upanga ukienda huku na taji kule, akapiga kona kwenye nguzo ya goli, mguu niponye, kuelekea jikoni. Majeshi mawili yaliyokuwa yakichinjana asubuhi nzima yakapatana ghafla, yakamfuata bega kwa bega. Maiti wote wakafufuka. Farasi alitupwa. Mwongozaji, kofia mkononi, aliwapita wengi njiani.

Na hakuna aliyesema "kata".

Chiriku alisikia mayowe, akadhani vita vimenoga. Akasikia mvumo. Kisha akasikia miguu midogo ikitembea shavuni, na mingine ndani ya ndevu zake za pamba. Akafumbua jicho kidogo sana, akaona nyuki. Kila kiungo kilimwambia kimbia. Lakini alikumbuka lile neno, hata kidole, akaiona nguo mpya ya bibi, akabaki. Nyuki walimkagua kama matroni anavyokagua mashuka, wakaona hapa hakuna la maana, wakaenda zao kuwatafuta wanaokimbia.

Mwalimu aliporudi akinyata, alimkuta palepale.

"Mwalimu," maiti aliuliza bila kufungua midomo, "umeshasema?"

Chakula cha jioni kililiwa na nyuso zilizoumuka kama maandazi. Fundi mitambo wa chama cha filamu, binti aliyelala kitanda cha juu ya Chiriku, aliingia bwaloni na ndala ya bluu mguu huu na ya kijani mguu ule, na hakuna aliyekuwa na jicho la kutosha kuliona hilo. Uvimbe ulipopungua, sehemu ya ushindi ilipigwa upya. Mfalme alishinda kwa jicho moja. Chiriku hakutikisika.

Siku ya wazazi ikafika. Shuka jeupe likatundikwa bwaloni, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, na fundi mitambo, aliyekuwa ameunganisha vipande vyote vya filamu, akakaa nyuma kabisa na projekta yake. Bibi aliwekwa mstari wa mbele, fimbo katikati ya magoti, nguo mpya inameta. Chiriku alikuwa kando yake, kimya kiasi kwamba mama yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Haya, mke mwenzangu," bibi alinong'ona kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "nionyeshe shujaa anatokea wapi."

"Bibi, kuna kitu..."

"Shh! Inaanza."

Ikaanza. Kila aliyetokea na upanga, bibi alimpiga mjukuu kiwiko. "Ndiye wewe huyo?" Hapana, bibi. "Yule mwenye taji?" Yule ni dada mkuu. "Basi yule juu ya ufagio!" Mjomba akaanza kutazama dari. Shangazi akakohoa. Chiriku akaona heri aseme yeye kabla shuka halijasema.

"Bibi, nilidanganya. Mimi si shujaa. Mimi ni maiti."

Bibi akageuka taratibu. Alikuwa amefungua mdomo, ila wakati huohuo mfalme alipanda lundo la mchanga, na macho yake yalikuwa mawili, mazima. Dada mkuu, mstari wa tatu, akashika kichwa. Mwalimu akanyanyuka nusu. Hicho hakikuwa kipande cha ushindi. Kilikuwa kile cha kwanza.

"Mimi ndiye mfalme asiyerudi nyuma!"

Bwalo lilivunjika mbavu. Wazazi walipiga meza, wapishi wakakumbatiana. Kisha vumbi likatulia kwenye shuka, uwanja ukabaki mtupu, na pale katikati akaonekana mtu mmoja tu, amelala, ndevu zake zinatembea zenyewe. Vicheko vikapungua, kimoja kimoja, vikaisha.

"Huyo ni nani?" aliuliza mkuu wa shule.

"Ni mimi," Chiriku akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikujulikana kama anayo.

Bibi akasimama, goti na yote, akapiga kigelegele kilichotikisa projekta.

"Shujaa wangu!"

"Samahani, bibi," mwalimu wa historia alisema, maana historia ni historia. "Shujaa ni yule anayetangulia, na watu wakamfuata."

"Mwanangu, mfalme wako ametangulia, nimemwona kwa macho yangu. Na watu wote wamemfuata mpaka jikoni."

Hata mwalimu alicheka. Dada mkuu alikuja akifuta machozi ya kicheko, akavua taji alilokuwa amelivalia wageni, akamtwisha Chiriku. "Chukua. Wewe ulipokuwa unatembelewa na nyuki, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye masufuria."

"Lakini bibi," Chiriku alisema, taji limemfunika nyusi, "sikubaki kwa ushujaa. Niliogopa kutolewa kwenye filamu."

"Kwani huyu mrefu alikimbia kwa kuwa hakuogopa? Mliogopa wote. Wewe uliogopa umetulia. Na ule uongo wako wa kwenye simu tutauzungumza ukija likizo, usidhani nimesahau." Kisha akamgeukia fundi mitambo. "Mwanangu wa huko nyuma, hebu rudisha, nimwone tena."

Ikarudishwa. Ikarudishwa tena. Safari hii bibi hakumtazama mjukuu. Alinyoosha fimbo yake kwenye kona ya shuka.

"Na huyu mwenye ndevu zilizopanda masikioni, hapa pembeni mwa mti. Anarusha nini huku juu?"

Ilikuwa ndala. Ya bluu. Bwalo zima likageuka nyuma.

Hapa sina budi kuacha kusema "fundi mitambo" kana kwamba ni mtu baki. Ndala moja ya bluu ilikuwa mguuni mwangu, na ndevu zile zilikuwa zangu, maana askari hawakutosha. Mwenzake yuko mtini hadi leo. Kipande kile nilikitazama mara nyingi nikikiunganisha, na kila mara nilimtazama Chiriku. Sikukumbuka kujitazama mimi.

Mkuu wa shule hakuuliza ni nani. Aliuliza kwa nini.

Nikasimama, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa.

"Mwalimu, huyu mfalme kila siku alikuwa anatuambia harudi nyuma," nikasema. "Nilitaka tu kuhakikisha."