Ngata Haivaliwi Kiunoni

Kaka yangu Revokatus ana mdomo, na mdomo wake ndio uliomtoa Buffalo kumleta Columbus.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2015. Mama yetu alikuwa akiishi kwake huko Buffalo, ghorofani, kutwa anatazama theluji dirishani kwa sababu Revokatus na mkewe wote wanashinda kiwandani. Kwangu Louisville, mimi na mume wangu Jovini tunapokezana zamu za ghalani, nyumba haikai tupu hata siku moja. Na hapa mtaani kwetu Beechmont akina mama Warundi wa kanisa letu ni mlango kwa mlango. Nilimtaka Mama. Hamu ya kuwa naye ilinifanya ninune hata nikisonga ugali. Lakini kila nikigusia, Revokatus ananikata: "Mama hali chakula cha mkwe wakati mtoto wa kiume yupo. Unataka watu waniseme?" Jovini, huyo mkwe mwenyewe, hakuwa na pingamizi.

Basi binti yangu Spés alikuwa kwenye timu ya sayansi shuleni kwao. Walipewa kazi ya kutengeneza chombo kidogo mfano wa vile vinavyowarudisha wanaanga, vinavyotua baharini kwa miavuli. Alinieleza kwamba chombo kikishafika majini kinaweza kupinduka, watu wakabaki wananing'inia kwenye mikanda miguu juu kichwa chini, na antena imezama, hata kuita msaada hawawezi. Ndiyo maana hufungwa mifuko ya hewa ya kukiinua. Desemba Wamarekani walikuwa wamerusha kimoja bila mtu ndani, na baadhi ya mifuko haikujaa vizuri. Bahati yao hakikupinduka. Sasa waamuzi wa mashindano ya shule yatakayofanyika Columbus wakasema: chombo chenu tutakigeuza kichwa chini majini, na mfuko mmoja tutautoboa. Kisimame chenyewe.

Kushona ni kazi yangu tangu kambini Tanzania, kwa hiyo mifuko nikapewa mimi. Spés aliniachia kitambaa na mchoro, akaenda shule. Nikautazama ule mchoro: mifuko mitano imezungushwa kileleni. Nikajisemea, watoto hawa wameshika karatasi juu chini. Mtungi hukaa juu ya ngata, nani asiyejua? Nikaishona chini, kwenye kitako, duara safi kama ngata ya bibi harusi.

Na mimi sina subira. Nikajaza bafu maji, nikampigia Revokatus simu ya video aone mpwa wake anavyosoma. Nikakigeuza chombo kichwa chini, nikajaza mifuko hewa kwa pampu ya baiskeli. Kikatulia vilevile, kichwa chini, raha mustarehe. Nikikisukuma, kinarudi kichwa chini. Nilikuwa nimekitandikia godoro.

Revokatus alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Dada, siku hicho kisufuria kitakaposimama chenyewe, nitakuletea Mama kwa mikono yangu. Na neno langu halipinduki."

Nyuma yake nikamsikia Mama, taratibu: "Delfina mwanangu, tangu lini ngata ikavaliwa kiunoni?"

Spés akaingia bafuni wakati huo huo. Alitazama kazi yangu, akatazama mchoro, akaanza kunisema kwa Kiingereza. Nikamwambia, anayetaka kunitukana anitukane kwa lugha niliyomfundisha. Akapumua, akapiga magoti kando ya bafu. "Mama, hewa haikai chini ya maji, inatafuta juu. Kichwa kikiwa majini, mifuko ikiwa kichwani, itakinyanyua. Uliiweka sehemu ambayo tayari iko nje ya maji." Nilifumua mshono wote siku hiyo hiyo, na sikuwa nikicheka. Mama yangu alikuwa amening'inia kwenye mshono ule.

Machi tukakutana Columbus, kwenye bwawa la kuogelea la ndani. Revokatus alikuja kushuhudia tukiaibika, na Mama alikataa kabisa kuachwa nyumbani. Timu zilizotutangulia vyombo vyao vilibaki kichwa chini. Mwamuzi akatoboa mfuko wetu mmoja, akakigeuza chombo, akakiachia. Spés akafungua gesi ya kujaza mifuko. Mfuko ukajaa, wa pili, wa tatu. Wa nne ukabaki umesinyaa.

Chombo kikalala ubavu. Hakipandi, hakishuki. Revokatus akanishika bega: "Pole, dada." Pole hiyo ilinichoma kuliko kicheko chake. Nilimtazama Mama, naye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anatazama maji.

Kisha kichwa kikatikisika. Kikapanda polepole, maji yakimiminika ubavuni, kikainuka, kikayumba huku na huku, kikasimama wima, mifuko yake mitatu kichwani.

Nilipiga vigelegele bwawa zima likageuka. Jovini, mtu ambaye hata kanisani hasemi amina, alipiga kelele jina la mtoto wake. Spés alitujia mbio, analia na kucheka. "Tulipiga hesabu ya mitatu, Mama. Ile Desemba ilitufundisha."

Nje, kwenye magari, Revokatus alianza kukohoa. "Haya, nimekubali. Tutapanga. Labda kiangazi, maana nguo zake zote ziko Buffalo."

Mama akamwambia afungue buti. Mlikuwa na sanduku lililofungwa kwa kitenge, Biblia yake, sufuria yake, na mto wake wa kulalia. "Nilifungasha siku ile ya simu," alisema. "Mkeo ndiye aliyenipakilia."

"Mama, na kama kisingesimama?" Revokatus aliuliza.

"Ningerudi na mzigo wangu. Lakini kimesimama. Sasa nikumbushe, ni neno la nani halipinduki?"

Macho ya Revokatus yalikuwa mekundu, na mimi nilimhurumia, kwa maana naye anampenda. Mama akavua kilemba chake, akakisokota duara, akamvuta mwanawe chini kama mtoto, akamwekea kichwani.

"Ngata ni ya hapa," alimwambia.

Kaka yangu akajitwika sanduku, akalipeleka hadi kwenye gari letu mbele ya watu wote, anatabasamu.