Mstari wa RDC

Kila Jumatatu asubuhi huwa natuma mbinu moja kwenye kundi letu la WhatsApp. Tuko sitini na watatu, upande wa Rusizi na, ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu, Kongo, na sote tunatumia programu ileile ya modeli za majengo. Humo huchori mistari tu. Unajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta, na kila nguzo inajua unene wake na ghorofa yake. Naitwa Védastine. Kazi hii sikuisomea chuoni, nilijifunza kwa video hapa Kamembe, nikirudia kila hatua mpaka ikubali. Kwa hiyo mbinu zangu nazo ni za hatua kwa hatua. Nimewahi kuwaandikia, kwa mfano, kwamba faili la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, na kwamba mwenzako akiwa bado na la zamani ni heri umtumie vipimo kwenye jedwali.

Mbinu ya Jumatatu ninayoisimulia ilihusu majedwali hayo. Nilikuwa nimetengeneza kijiprogramu kinachosoma jedwali la mhandisi na kuzipa nguzo vipimo vyake, ghorofa kwa ghorofa. Kwa majedwali ya Bukavu kilikuwa kinakwama kila mara kwenye mstari wa kwanza, ulioandikwa RDC. Chini yake ilikuja N1, halafu N2, na hizo zilikwenda vizuri na Level 1 na Level 2 za programu yetu. Mstari wa RDC ulikuwa na nguzo nene na nondo nyingi. Nikafikiri: RDC ni Kongo, kila nchi ina kanuni zake, basi huu ni mstari wa wanaojenga ng'ambo. Nikaandika: “Ukipokea jedwali la Bukavu, futa kwanza mstari wa RDC. Ghorofa ya juu ikikosa mstari wake, itapewa vipimo vya ile iliyo chini yake.” Nilijaribu mara tatu kabla ya kutuma. Programu haikuonyesha kosa hata mara moja, na mimi sikuangalia kitu kingine.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, alinipigia Murhula, mhandisi wa Bukavu. Mengi ya majedwali yale ni yake.

“Maman Véda, Congo imekukosea nini?”

“Kivipi?”

“Muntu mumoja amenionyesha message yako. Batu banafuta RDC yangu! Mimi naandika, beye banafuta!”

Nikamweleza nilivyofikiri. Alicheka mpaka akakohoa.

“RDC ni rez-de-chaussée, maman. Ni kule chini, kwenye batu banaingiliaka. Sisi chini hatuiite moja. N1 ni étage ya kwanza, ile ya kupanda ngazi. Sasa wewe unakamata nguzo za juu, unaziweka chini?”

Ndivyo ilivyokuwa. Programu yetu iko kwa Kiingereza na huanza kuhesabu mlangoni: Level 1 ni pale chini. Nguzo za chini, zinazobeba jengo lote, Murhula alikuwa ameziandikia sentimita arobaini kwa arobaini. Kwa mbinu yangu zilikuwa ishirini na tano.

Nilituma sahihisho kwenye kundi papo hapo. Halafu nikatazama nani alikuwa ameniwekea kidole gumba siku ya Jumatatu. Walikuwa saba. Niliwapigia mmoja mmoja, na sita walikuwa bado kwenye michoro. Wa saba, Protais, hakupatikana. Alikuwa Gikundamvura, akisimamia ujenzi wa ghala la mahindi la ushirika mmoja, lenye ofisi juu, kwa jedwali la Murhula. Nilirudi kwenye ujumbe wake wa mwisho: “Alhamisi tunamwaga nguzo.”

Nikachukua moto, pikipiki ya abiria.

Nilipofika, mashine ya zege ilikuwa inazunguka. Nguzo nne kati ya kumi na mbili zilikwisha kumwagwa, mbao bado zikiwa zimezibana.

“Karibu, Maman!” Protais aliita. “Umekuja kuona beto ikimwagwa?”

“Simamisha mashine kwanza.”

Tulisogea pembeni, kwenye lundo la mchanga, nikamweleza. Alivua kofia, akaivaa tena.

“Nimefuata mbinu yako. Hatua kwa hatua, kama unavyopenda.”

“Najua. Kosa ni langu.”

“Langu, lako, Mzee wa ushirika hataangalia hiyo. Nikibomoa leo, kesho anatafuta muntu mwingine.” Akapunguza sauti. “Tuseme jedwali ya ingénieur wa Bukavu ilikuja na makosa. Yeye hayuko hapa. Nani atashangaa?”

Sikumwona mbaya. Wazo hilohilo lilikuwa limenipitia mimi mwenyewe juu ya ile moto, tulipokuwa tukishuka Bugarama. Na ni kweli, hakuna ambaye angeshangaa. Ila jedwali la Murhula halikuwa na kosa.

Mzee Munyemana, rais wa ushirika, alikuwa tayari anatujia. Alitaka kujua mashine imezimwa kwa nini.

“Mzee,” nikasema, “nguzo hizi ni nyembamba kuliko alivyoagiza mhandisi. Yeye aliandika sawa. Mimi ndiye niliyewaambia watu wafute mstari wake, na Protais aliniamini.”

“Uliufuta kwa nini?”

“Uliandikwa RDC. Nilidhani ni Kongo.”

Wafanyakazi walicheka. Mmoja alipiga kelele, “Mvushe mpaka huyo!” Mzee hakucheka. Alimgeukia Protais.

“Na wewe ulidhani nini?”

“Mimi sikudhani, Mzee. Nilifuta.”

“Zingebeba ofisi, hizi?”

“Sijui, Mzee,” nikamjibu. “Mhandisi anasema hapana.”

Mzee aliweka kiganja juu ya ubao wa nguzo ya nne, kana kwamba anapima homa.

“Hii mumeimwaga saa ngapi?”

“Haijapita saa moja,” Protais akasema.

“Basi zote bado ni uji. Fungueni.”

Waligonga mbao, na zege likashuka chini kama ugali ulioharibika. Walilikokota kwa makoleo mpaka zikabaki nondo tupu. Ya kwanza ilikuwa imeanza kushika, ikahitaji nyundo. Protais aliipiga mwenyewe, bila kunitazama. Murhula alikaa nasi kwenye simu, nilipopata mtandao juu ya kilima, akieleza jinsi ya kutoboa msingi na kuongeza nondo za nguzo ya arobaini kwa arobaini. Mzee alisema ujenzi utaendelea Jumatatu. Kuhusu Protais alisema ataona.

Jioni hiyo Protais alijitoa kwenye kundi. Jumatatu sikutuma mbinu. Niliandika tu kilichotokea, kwa jina langu, na nikaomba kila mmoja apime nguzo zake za chini kwa futi kabla ya kumwaga.

Jumatano nilipata picha kutoka namba ya Protais. Ilikuwa jedwali la kazi nyingine, na mstari wa kwanza ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu. Chini aliandika: “Maman, SS ni nini?”

Nilidhani najua, ni sous-sol, chumba cha chini ya ardhi. Hata hivyo nilimpigia Murhula kabla ya kumjibu.