Mama na Mkwewe Ndani ya Mtumbwi Mmoja

Mimi ndiye niliyewapandisha mtumbwi mmoja. Niseme mapema, maana msibani wapo waliokuwa wanamtafuta mwenye wazo hilo, na mimi nilikaa kimya kama simjui.

Kwetu Wakurya mama na mkwewe wa kiume hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mume wangu Masanja ni Msukuma wa Sengerema, amekulia ziwani. Alikuja Tarime kuchimba dhahabu, akanikuta Turwa nauza chakula. Siku ya kwanza nilipompeleka Kenyamonta kwa mama, alimwendea mkono mbele, meno yote nje, "Shikamoo mama." Mama alikimbilia jikoni na hakutoka mpaka tulipoondoka. Njia nzima ya kurudi nilimsema yule mwanaume. Mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia amenivua nguo mbele ya ukoo, na akirudia siku nyingine asinijue.

Hakurudia. Kwa miaka minne, akisikia mama anakuja Turwa, anahamia kwa rafiki yake Joram. Akitaka kumsalimia, ananituma mimi. Kaka yangu Werema alikuwa akimtania kwamba amekuwa Mkurya kutushinda sisi, na mimi nilivimba kichwa, maana mwalimu wake ni mimi.

Mama, jina lake Boke, alikuwa na miaka sitini na tatu, anakula sato wa sokoni, lakini ziwa hajawahi kuliona. Mwezi wa saba mwaka jana alisema anataka kuliona kabla macho hayajamwisha. Werema akakodi gari, tukashuka mpaka mwaloni, wanakopakia wavuvi, upande wa Rorya, jua la kiangazi likiwa limeshaanza kuchoma. Masanja, aliyetangulia kwa pikipiki, alikuwa ameazima mtumbwi. Werema anaogopa maji, akasema atabaki nchi kavu kuwasha moto wa kuchomea samaki.

Tukabaki watatu. Mama alisita. Nikamwambia, "Mimi nitakaa katikati, wewe utakaa mbele umempa mgongo." Akakubali, kwa vile alilitaka lile ziwa.

Mwenye mtumbwi alitupa maboya mawili ya kuvaa kifuani. Aliyejua kuyafunga ni Masanja, na Masanja hawezi kumfunga mama mkwe mikanda kifuani. Nilijaribu mimi, nikashindwa, nikaona jua linapanda. Nikamwambia mama boya lake alikalie tu. Akalikalia.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Mama amejitanda kanga, macho mbele, mshipi mkononi. Masanja yuko nyuma na kasia. Mimi katikati ndiye tarishi wao.

"Mwambie mume wako samaki wake wana dharau," anasema mama.

"Mwambie mama ashushe mshipi, asiuvute vute," anajibu Masanja.

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipaswa kupita kwangu, na mimi nilikuwa nalirudia lote kama kasuku, mpaka sote tukaanza kucheka. Mama alipata sato wanne. Tangu baba afariki sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Nilijipongeza moyoni. Nilisema, kumbe wanaweza.

Kisha mshipi wake ukavutwa kwa nguvu. Mama alisimama.

"Mwambie mama akae," Masanja akasema.

Mimi nilikuwa nimeinama nachomoa ndoano mdomoni mwa samaki. Niliinua kichwa, nikageuka, nikasema, "Mama, anasema ukae." Nilipomaliza kusema, mbele ya mtumbwi hapakuwa na mtu.

Mtumbwi uliendelea kwenda kidogo kwa kasi yake, kwa hiyo mama alipoibuka alikuwa nyuma, ubavuni mwa Masanja. Kanga ilikuwa imemtoka kichwani. Nilimwona akimtazama mkwewe usoni, kisha akanyoosha mkono. Si kwangu. Kwake.

Masanja aliachia kasia. Alinyoosha mkono, ukafika nusu, ukasimama. Akaniangalia mimi. Alikuwa anaomba ruhusa.

Watu wananiuliza ile nusu dakika kati ya kuanguka na kuzama ilikuwaje. Haikuwa nusu dakika, ilikuwa kama mtu kupiga chafya. Nilitakiwa kusema neno moja tu, mshike, na mimi ambaye hukosi kunisikia kutoka nyumba ya tatu sikulipata. Mama alizama. Ndipo Masanja akaruka na nguo zake. Alipiga mbizi mara tatu, na mara ya tatu akatoka naye. Wavuvi walimkandamiza kifua pale mchangani kwa muda mrefu, wakapokezana, wakachoka. Werema alikuwa bado ameshika kuni.

Tulimzika Kenyamonta. Masanja alikaa nje ya uzio siku zote tatu za msiba, kama inavyompasa mkwe. Siku ya tatu, baba yangu mdogo, Mzee Heche, aliniita mbele ya ukoo.

"Robi, mwanangu," alisema, "tunataka kulala bila maneno. Mama yako alipokuwa majini, alimwomba mkwewe mkono?"

Wanawake walisogea karibu. Nilijua wanachokitaka. Nikisema ndiyo, marehemu ataitwa mtu aliyeacha heshima yake majini, na wataanza kusemea pembeni mpaka wajukuu wasikie. Na nilijua pia kwamba Masanja yuko pale nje ya uzio, na uzio ule ni wa miti mitupu, hauzuii neno.

"Hapana," nilisema. "Hakumwomba."

Mzee Heche alishusha pumzi. "Boke amekufa na heshima yake," alisema. Kisha akapaza sauti ili wa nje asikie: "Na wewe, mura, kijana wetu, una adabu. Mkwe kama wewe hatujapata." Wakaitikia wote.

Mchana ule nilimpelekea Masanja chakula. Hakukigusa. Hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku ile hakunipandishia.

"Robi, aliniomba."

"Najua."

"Sasa mbona wananisifu?"

Nilifikiri nimwambie ni kosa langu, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha woga ule. Nilifikiri nirudi ndani nikaseme kweli mbele ya Mzee Heche. Sikufanya hata moja. Nilifunika chakula, nikakaa naye pale chini, na mpaka leo sijakwenda kuisema kweli hiyo. Wao wanajua mama yangu alikubali kufa kuliko kumgusa mkwewe. Mama yangu alitaka kuishi.