Nakala ya Jumatatu

Fundi wa kompyuta alipoitwa stoo asubuhi ile, alikwenda akipiga mluzi. Tatizo lilikuwa lile lile la kila siku: ukurasa wa taarifa za mitambo haubadiliki. Kompyuta kumi na moja za kiwanda kile cha kufulia mashuka ya hospitali alikwisha kuzisafisha jana kwa amri ya meneja. Ilibaki hii moja, kwa kuwa mtunza stoo aliugua tangu Jumanne na chumba kilikuwa kimefungwa. Leo karudi, kalalamika, kisha kaenda zake kupokea sabuni.

Dawa ilikuwa nyepesi. Kivinjari, programu ya kufungulia kurasa, ni mpishi mvivu: hukuwekea kiporo, kikakupakulia leo ulichokula juzi. Ukizifuta kumbukumbu zake, hakina budi kwenda kuleta kipya. Fundi alikuwa amewafutia watu wengi mno, hata vidole vyake havikuhitaji kuambiwa pa kwenda.

Leo vilisita. Safu ya Jumatatu, iliyokuwa tupu kwenye kompyuta nyingine zote alipomaliza kuzisafisha, hapa ilikuwa na maandishi: "Boila namba mbili inavuja. Namba moja ina ufa kwenye mshono wa chini. Zote zisiwashwe." Aliyeandika ni mwendesha boila, mtu wa matangi ya mvuke, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mwendesha boila alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. Jumatano namba mbili ilipasuka ikamuunguza mtu mgongo mzima, na shemeji akasimamishwa kazi kwa kutotoa taarifa. Leo saa nne kikao kingemhukumu. Aliapa kwa kila kiapo kwamba aliandika, lakini mfa maji haachi kutapatapa, na fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia dada yake kwamba mumewe anajikosha tu. Kumbe mtu wa watu alisema kweli tupu! Kuna aliyeifuta safu ile, kisha akamtuma yeye apite meza kwa meza kumalizia.

Alipapasa mfuko atafute simu apige picha. Simu zote huachwa getini kwa mlinzi.

"Bado tu?"

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi. Hakuwa mtu wa kushuka stoo.

"Ni nzito kidogo, bosi."

"Futa, mdogo wangu. Au kuna kitu umekiona?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha fundi. Aliukumbuka mkataba wake unaoisha mwezi ujao. Alimkumbuka shemeji pia, Mungu shahidi, alimkumbuka. Kisha akajisikia akisema, "Sijaona kitu, bosi," na vidole vikafanya vilichozoea. Safu ya Jumatatu ikawa nyeupe.

"Safi sana," meneja akasema, akampigapiga begani. "Wewe ni mtu wa kazi."

Alitoka na aibu yake. Shemeji yake alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kikao, shati limenyooshwa, macho mekundu.

"Shemeji, hakuna hata kompyuta moja iliyobaki na..."

"Hakuna," fundi akamkatiza, haraka mno.

Shemeji akashusha pumzi. "Haya, kazi waichukue. Ila nenda kamtoe dada yako kule kwenye pasi. Wamekwisha kuwasha namba moja. Nimemsihi tangu alfajiri, hanisikii. Anasema hata wewe umesema najikosha."

Chumba cha pasi na chumba cha boila vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Fundi alikimbia. Alipofungua mlango joto lilimpiga usoni. Mabomba yalikuwa yakinguruma juu ya vichwa vya wanawake ishirini, na dada yake alikuwa mstari wa mwisho, ule wa ukutani.

"Tokeni nje! Namba moja ina ufa! Tokeni!"

Mashine hazikusimama. Msimamizi, mama aliyechoshwa na uvumi wa wiki nzima, alimtazama juu hadi chini.

"Imeandikwa wapi?"

Dada yake naye aliweka shuka chini, akamgeukia kaka yake, akangoja jibu.